Jaja wa Opobo, Mfalme wa Mawese

Ndugu zetu wa Kigoma wanaujua vizuri mti wa mchikichi. Wanayajua pia mafuta yake mekundu, yaani mawese. Wengine wetu tumeyaona sokoni tu. Asili ya mti huu ni Afrika ya Magharibi na Afrika ya Kati. Huko watu wameutumia tangu zamani sana kwa chakula, kwa taa, kwa sabuni na kwa pombe.

Kitabu hiki kinaeleza maisha ya mtu aliyepanda cheo kwa sababu ya mawese, na akaangushwa kwa sababu ya mawese hayo hayo. Alikuwa mtumwa, akawa tajiri, akawa mfalme. Mwishoni Waingereza walimkamata kwa hila, wakampeleka mbali ng'ambo ya bahari. Jina lake ni Jaja. Mji wake ni Opobo, katika nchi ya Nijeria.

Nchi ya matope na chumvi

Mto Niger ni mmojawapo wa mito mirefu ya Afrika. Huanzia katika vilima vya Gine. Huenda kwanza kaskazini mpaka ukingoni mwa jangwa la Sahara, kisha hugeuka na kushuka kusini. Ukifika karibu na bahari, hugawanyika katika mikono mingi. Mahali hapo huitwa delta. Ni nchi ya mikoko, matope, na vijito vinavyojaa na kupwa pamoja na bahari.

Katika nchi hiyo huishi watu waitwao Waijo. Mtu hawezi kulima viazi vikuu katika matope ya chumvi. Basi Waijo walitafuta riziki katika maji. Walivua samaki, wakawakausha kwa moshi. Walichemsha maji ya bahari katika vyungu mpaka maji yakaisha na chumvi ikabaki chini. Kisha walipakia samaki na chumvi katika mitumbwi yao, wakapiga makafi kwenda bara.

Huko bara waliishi Waibo na Waibibio. Hao walikuwa wakulima hodari. Walikuwa na viazi vikuu, mbuzi, kuku na mawese, lakini hawakuwa na chumvi. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na kitu ambacho upande mwingine ulikihitaji. Hii ndiyo iliyokuwa biashara yao, karne nyingi kabla ya kufika kwa meli ya kwanza ya Wazungu.

Masoko yalikuwa na siku zake. Waibo walihesabu juma la siku 4, na kila soko lilikuwa na siku yake katika juma hilo. Fedha pia ilikuwako. Mahali pengi walitumia bangili nzito za shaba zilizopindwa kama kwato la farasi. Bangili hizo ziliitwa manila. Ziliendelea kutumika mpaka mwaka 1948, serikali ya kikoloni ilipoanza kuziondoa. Mahali pengine katika Afrika ya Magharibi watu walitumia kauri. Tena tukumbuke kwamba katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kijerumani walinunua shehena nyingi za kauri katika pwani yetu, huko Unguja, wakazipeleka Afrika ya Magharibi kununulia mawese. Kauri aliyoiokota mtoto ufukweni hapa kwetu ilikuwa fedha huko.

Nyumba za biashara

Mji mkubwa wa delta uliitwa Bonny. Watu wake hawakuishi kila mmoja na biashara yake peke yake. Waliishi katika makundi yaliyoitwa nyumba. Nyumba haikuwa jengo. Ilikuwa kama ukoo na kampuni kwa pamoja. Ilikuwa na mkuu wake, ndugu zake, watumishi wake na watumwa wake. Kila nyumba ilitakiwa kuwa na mtumbwi mkubwa wa vita, wenye wapiga makafi wapatao 50. Nyumba isiyoweza kuutoa mtumbwi huo haikuhesabiwa kuwa nyumba.

Watumwa walinunuliwa bara na kuingizwa katika nyumba. Wengi waliuzwa tena kwa Wazungu na kupelekwa Amerika. Bonny ilikuwa mojawapo ya bandari mbaya kuliko zote katika biashara hiyo. Maelfu kwa maelfu ya watu walipakiwa melini hapo. Lakini waliobaki katika nyumba walikuwa na njia ya kupanda. Mtoto aliyenunuliwa alipewa jina la nyumba, akafundishwa lugha ya mji, akawekwa kwenye kafi. Akiwa mwerevu na mwaminifu, alipewa mali kidogo afanye biashara. Akipata faida, aligawana na bwana wake. Wako waliokuwa watumwa ambao walikuja kuwa wakuu wa nyumba. Utumwa ule ulikuwa utumwa, tusiupambe. Mtumwa aliweza kuuzwa siku yo yote, na hata kuuawa. Ila mlango ulikuwa wazi kidogo, na Jaja aliingia katika mlango huo.

Mtoto wa Amaigbo

Jaja alizaliwa yapata mwaka 1821 katika nchi ya Waibo, sehemu iitwayo Amaigbo. Alipokuwa na miaka 12 hivi aliuzwa, akapelekwa Bonny. Watu wa Bonny walimwita Jubo Jubogha. Wazungu walishindwa kulitamka vema jina hilo, wakamwita Jaja.

Bwana wake wa kwanza hakupendezwa naye. Alimwona ni mkaidi, mwenye maneno. Akamtoa kama zawadi kwa nyumba nyingine, iliyoitwa Anna Pepple. Bwana huyo hakujua kwamba alikuwa anatoa bahati yake.

Jaja alianza kazi kama watoto wote wa aina yake, kwa kupiga kafi. Mtumbwi wa biashara ulichongwa katika gogo moja la mti mkubwa. Ulikwenda bara siku nyingi, ukipita katika vijito vyembamba chini ya kivuli cha mikoko. Usiku watu walilala mtumboni au kwenye mchanga. Mvua iliwanyeshea, mbu waliwauma, na maadui walivizia kwenye kona. Katika safari hizo Jaja alijifunza njia zote za maji. Alijifunza pia jinsi ya kuonja mawese na kujua kama yamechanganywa na maji au mchanga. Tena alikuwa na faida moja kubwa: masoko mengi ya mawese yalikuwa katika nchi ya Waibo, na Kiibo kilikuwa lugha ya mama yake.

Jinsi mawese yalivyopatikana

Hapa inafaa tueleze kazi yenyewe, maana bila kazi ya wakulima wa bara pasingekuwa na tajiri ye yote pwani.

Mwanamume alikwea mchikichi kwa kitanzi cha kamba kilichouzunguka mti na kiuno chake. Alikata mkungu kwa panga, ukaanguka chini. Mkungu mmoja una mamia ya matunda. Kazi iliyobaki ilikuwa zaidi ya wanawake na watoto. Waliyachambua matunda, wakayachemsha, kisha wakayatwanga kinuni au kuyakanyaga kwa miguu ndani ya gogo lililochongwa. Walitia maji, mafuta yakaelea juu. Waliyakusanya, wakayachemsha tena, wakayatia vyunguni. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa, na maji yaliyotakiwa yalikuwa mengi. Yote yaliletwa kichwani kutoka mtoni.

Ndani ya tunda kuna kokwa ngumu. Wanawake walizipasua kwa mawe, moja moja, jioni wakizungumza. Mbegu za ndani nazo zina mafuta. Katika sehemu nyingi za Waibo, desturi ilikuwa kwamba mawese ni ya mume, na mbegu za kokwa ni za mke. Wazungu walipoanza kununua mbegu hizo, wanawake wakapata fedha yao wenyewe.

Kwa nini Wazungu waliyataka mawese? Mwaka 1807 Uingereza ilipiga marufuku raia wake kufanya biashara ya watumwa. Wakati huo huo viwanda vilikuwa vinakua kwao. Mashine na magari moshi yalihitaji mafuta ya kulainisha vyuma. Watu wa mijini walihitaji sabuni na mishumaa. Vyote hivyo vilitengenezwa kwa mawese. Meli zile zile za Liverpool zilizokuwa zikichukua watu sasa zilikuja kuchukua mafuta. Watu waliiita mito ya delta Mito ya Mafuta.

Wazungu hawakwenda bara. Waliogopa homa, na wenye nchi hawakuwaruhusu. Walikaa mtoni, katika meli kongwe zilizotiwa nanga na kuezekwa kama nyumba. Walilipa ushuru kwa mfalme kabla ya kununua hata pipa moja. Kisha walitoa bidhaa kwa mkopo: nguo, bunduki, baruti, tumbaku, vyuma na chumvi. Wenyeji walizipeleka bara na kurudi na mawese baada ya miezi kadhaa. Biashara yote ilisimama juu ya mkopo. Mtu aliyevunja ahadi hakupata bidhaa tena.

Chumvi hiyo ya Uingereza ilikuja kwa wingi na kwa bei ndogo. Waijo waliokuwa wakichemsha chumvi kwa vyungu walishindwa kushindana nayo. Kazi ya mababu ikafifia. Watu waliokuwa na mali yao wenyewe ya kuuza wakawa wachukuzi wa mali ya wengine. Jambo hili watu wengi hulisahau wanapozungumza juu ya utajiri wa wakati ule.

Nyumba yenye deni

Jaja aliacha kafi akawa mfanyabiashara. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Wakulima wa bara walimpenda kwa sababu alilipa, na Wazungu walimpenda kwa sababu mapipa yake yalifika.

Mwaka 1861 mkuu wa nyumba ya Anna Pepple, aitwaye Alali, alifariki. Aliacha deni la zaidi ya pauni 10,000 kwa Wazungu. Katika siku hizo hizo zilikuwa fedha nyingi sana. Wazee wa nyumba walitazamana. Kila mmoja aliyefaa kurithi alikataa, maana anayeurithi ukuu anarithi na deni. Nyumba ilikaa karibu miaka 2 bila mkuu.

Mwaka 1863 wakamchagua Jaja. Alikuwa bado anahesabiwa kuwa mtu wa asili ya utumwa. Pengine wengine walifikiri kwamba akishindwa, aibu itakuwa yake. Jaja alikubali. Katika miaka 2 deni lote lilikuwa limelipwa.

Alilipaje? Hakuwa na uchawi. Alizichagua njia zenye faida, akaziacha zisizo na faida. Aliwatafuta vijana hodari katika nyumba yake, hata kama ni watumwa, akawapa mtaji. Nyumba ndogo zilizolemewa na madeni zilimwomba azichukue. Alizichukua, akalipa madeni yao, na watu wao wakawa watu wake. Hivyo nyumba ya Anna Pepple ikawa yenye nguvu kuliko zote mjini Bonny, au karibu sana na kuwa hivyo.

Vita vya Bonny

Ilikuwako nyumba nyingine kubwa, jina lake Manilla Pepple. Mkuu wake aliyekuwa na nguvu aliitwa Oko Jumbo. Naye pia alitoka katika utumwa. Watu hawa wawili walifanana sana, na labda ndiyo sababu hawakuweza kukaa mji mmoja. Mfalme wa Bonny, George Pepple, alikuwa dhaifu, hakuweza kuwaamua.

Septemba 1869 vita vilianza. Pande zote mbili zilikuwa na mizinga iliyonunuliwa kwa Wazungu. Jaja aliona kwamba hataweza kushinda ndani ya mji. Akaomba amani. Mazungumzo yakaanza mbele ya balozi wa Uingereza. Balozi huyo aliitwa Charles Livingstone. Alikuwa ndugu wa David Livingstone, yule aliyefika Ujiji mwaka huo huo wa 1869 akiwa mgonjwa.

Wakati wenzake wakizungumza, Jaja alikuwa akifanya kazi nyingine. Aliwahamisha watu wake kimya kimya kwa mitumbwi. Walielekea mashariki, katika nchi ya Waandoni, mahali Mto Imo unapokaribia bahari. Nyumba kubwa za Bonny zilikuwa 18. Katika hizo, 14 zilimfuata Jaja.

Hapo alijenga mji mpya. Akauita Opobo, jina la mfalme mkubwa wa zamani wa Bonny. Alichagua mahali kwa akili. Njia ya maji ya kwenda masoko makubwa ya mawese ilipita hapo. Mitumbwi ya Bonny iliyozoea kwenda bara ikakuta njia imefungwa. Jaja hakuupiga tena mji wa Bonny kwa mizinga. Aliunyima mawese.

Wazungu wa Bonny walipata hasara kubwa. Baadhi yao walipiga kelele, wakataka manowari zije zimrudishe Jaja. Wengine walifanya hesabu, wakang'oa nanga, wakahamia Opobo. Mmojawapo wa kampuni zilizomfuata ni ile ya ndugu wa Miller kutoka Glasgow. Tarehe 4 Januari 1873 Waingereza walitia sahihi mkataba. Walimkubali Jaja kuwa mfalme wa Opobo. Mkataba uliweka mpaka mtoni ambao meli na maduka ya Wazungu yasiupite. Bara ilibaki mikononi mwa Jaja.

Mfalme na mji wake

Jaja alitawala Opobo karibu miaka 18. Alifanya urafiki na wakuu wa bara kwa njia za Kiafrika. Alioa kwao, na alifanya nao viapo vya kuchanjiana damu. Watu wake waliishi katika masoko ya bara, wakiangalia bei na kukusanya mafuta.

Elimu aliitaka, lakini kanisa alilikataa. Alishikilia dini ya wazee wake. Alifungua shule ya kusoma, kuandika na hesabu, na mwalimu mmojawapo alikuwa mwanamke Mmarekani mweusi. Mwanawe mmoja alimpeleka kusoma Uingereza. Alielewa kwamba anayeshindwa kusoma mkataba ataibiwa na mkataba huo.

Waingereza walipopigana na Waashanti mwaka 1873 na 1874, Jaja aliwapelekea askari wa kuwasaidia. Malkia Viktoria akampa upanga wa heshima. Hapa hatuwezi kumsifu. Waashanti walikuwa Waafrika waliokuwa wakilinda nchi yao, na siku ya Jaja ilipofika, upanga ule haukumsaidia.

Wala hakuwa mtu wa huruma kwa walioshindana naye. Watu wa Mto Kwa Ibo, upande wa mashariki, walitaka kufanya biashara na Mzungu mmoja bila kupitia kwake. Mwaka 1881 Jaja aliwashambulia, akakamata mateka, na wengi wao wakauawa. Mitumbwi yake ilipigwa makafi na watumwa, kama ile aliyoipiga yeye utotoni. Aliitetea biashara yake kwa mikono yote miwili, na mkono mmoja ulikuwa na damu. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake.

Bei yaanguka

Baada ya mwaka 1880 bei ya mawese huko Ulaya ilianguka. Kampuni za Kiingereza hazikutaka hasara iwe yao. Zilikutana, zikapatana bei moja ya chini, ili Jaja asipate pa kukimbilia. Jaja aliwajibu kwa njia mbili. Kwanza aliiuzia mafuta yake kampuni moja iliyokuwa tayari kuvunja mapatano yale. Pili alianza kupakia mawese yake mwenyewe katika meli na kuyauza moja kwa moja Uingereza.

Jambo hili ndilo lililowakasirisha zaidi. Mwafrika alikuwa amevuka mstari. Wao waliitaka bara, lakini hawakutaka Mwafrika aifikie Liverpool.

Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana Afrika. Mwaka 1884 balozi Hewett alizunguka mitoni na karatasi za mikataba ya ulinzi. Wakuu wengi walitia sahihi. Jaja hakutia upesi. Aliandika kuuliza neno hili ulinzi lina maana gani. Hewett alimjibu kwa maandishi kwamba Malkia hataki kuichukua nchi yake wala masoko yake. Katika mkataba kilikuwamo kifungu cha kuruhusu mfanyabiashara ye yote aende popote. Jaja alidai kifutwe, na kikafutwa. Ndipo alipotia sahihi, mwezi Desemba 1884. Wakati huo huo mkutano wa Berlin ulikuwa unaendelea, na mwakani Waingereza wakatangaza kwamba Mito ya Mafuta yote iko chini yao.

Jaja aliendelea kutoza ushuru na kufunga njia ya bara, kama mikataba yake ilivyomruhusu. Kampuni zilimlalamikia balozi. Mwaka 1887 Jaja alituma wajumbe wake London wakaeleze haki yake kwa serikali. Walipokuwa huko, mambo yaliharibika nyumbani.

Mkutano wa Septemba

Hewett alikuwa likizoni. Aliyeshika nafasi yake ni kijana aitwaye Harry Johnston, mwenye miaka 29. Huyu si mgeni kwa historia yetu. Mwaka 1884 alikuwa Kilimanjaro, akakaa kwa Mangi Rindi wa Moshi, akakusanya mimea na ndege, na kuwaandikisha wakuu mikataba. Baadaye, mwaka 1900, ndiye aliyetia sahihi Mapatano ya Uganda kwa niaba ya Waingereza.

Septemba 1887 Johnston alifika Opobo na manowari iitwayo Goshawk. Alimwita Jaja mkutanoni. Jaja alisita. Johnston alimpa ahadi ya maandishi kwamba atakuwa huru kuondoka baada ya mkutano, hata kama hawatapatana. Mtu aliyeishi miaka yote kwa kushika ahadi za biashara aliiamini karatasi hiyo. Alikwenda.

Alipofika, Johnston alimsomea masharti. Jaja achague: aende Accra kushtakiwa, au arudi mjini. Lakini akirudi, atahesabiwa kuwa adui wa Waingereza, mizinga itaupiga mji wake, na mali yake itachukuliwa. Alipewa muda mfupi wa kufikiri. Manowari ilikuwa hapo mtoni, kila mtu akiiona.

Jaja alikuwa na watu wengi wenye silaha. Alikuwa na miaka ipatayo 66. Aliujua mji wa Bonny ulivyokuwa baada ya mizinga ya mwaka 1869. Alipanda Goshawk. Usiku wa siku hiyo hakulala Opobo, wala hakulala tena huko akiwa hai.

Huko Accra alishtakiwa mbele ya amiri wa Kiingereza, akaonekana ana hatia ya kuzuia biashara. Waziri Mkuu wa Uingereza, Salisbury, hakupendezwa na namna alivyokamatwa. Hata hivyo hakumrudisha. Kampuni zilipanda mto.

Ng'ambo ya bahari

Mwaka 1888 Jaja alipelekwa kisiwa cha St Vincent, katika visiwa vya Karibiani. Mkewe mmoja alimfuata huko. Alipewa posho iliyotolewa katika mali yake mwenyewe. Hakuacha kuandika barua za kuomba arudi kwake. Nao watu wa Opobo waliendelea kumdai. Afya yake ilidhoofika. Alilalamika juu ya baridi, juu ya chakula, na juu ya kuwa mbali na watoto wake.

Mapema mwaka 1891 alihamishiwa kisiwa cha Barbados. Wakazi wengi wa kisiwa hicho walikuwa wazao wa watumwa. Baadhi ya babu zao walipakiwa katika mito ile ile aliyotoka Jaja. Walitoka kwa wingi kumtazama mfalme wa Kiafrika, mzee mwenye mvi, akipita njiani. Walitunga wimbo juu yake, na wimbo huo ulikumbukwa kisiwani muda mrefu baada ya yeye kuondoka.

Hatimaye serikali ya Uingereza ilikubali arudi. Wakati huo biashara ya bara ilikuwa imekwisha chukuliwa, na mzee mmoja mgonjwa hakuwa hatari tena. Jaja alipanda meli kuelekea mashariki. Alifika Tenerife, kisiwa cha Hispania karibu na pwani ya Afrika. Alifariki huko mwezi Julai 1891, akazikwa huko huko.

Watu wa Opobo hawakukubali alale kwa wageni. Walidai mwili wake. Ukafukuliwa, ukaletwa kwa meli mpaka mtoni. Wakamzika kwa heshima zote za mfalme katika mji alioujenga. Mwaka 1903 walimsimamishia sanamu waliyochangia wenyewe, kwa fedha ya mawese.